Umeme Ukikatika kwa Wiki Kadhaa: Somo la Kupeleka Nyumbani



Ndugu zangu, likizo imekaribia na wengi wetu tutarudi Arua, Koboko, Yumbe na vijiji vya Kuluva. Somo la toleo hili si la kubaki chuoni. Ni la kukaa na wazazi jioni moja na kupanga: umeme ukikatika kwa wiki kadhaa, nyumba yetu itaishije?

Kuna atakayecheka. Watu wa West Nile wafundishwe giza? Kwa miaka mingi mkoa wetu ulikuwa nje ya gridi ya taifa. Mjini Arua tulitegemea jenereta za WENRECo, na kuanzia 2012 mtambo mdogo wa maji wa Nyagak, karibu na Paidha, wenye megawati 3.5. Wazazi wetu walijua kuishi hivyo. Lakini mwaka 2024 tuliunganishwa na gridi, na nyumba zinabadilika. Friji imeingia, pasi ya mkaa imetupwa, hata tochi haijulikani ilipo. Umeme wenyewe sasa unasafiri kwa laini ndefu kupitia Nebbi.

Tazameni yaliyowafika ndugu zetu wa Unguja. Kisiwa kizima kilitegemea waya mmoja uliopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara, uliowekwa mwaka 1980. Mei 2008 uliharibika, giza likakaa karibu mwezi. Desemba 2009 ukaharibika tena, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Giza watu walilizoea. Shida kubwa ilikuwa maji, maana pampu za maji zilitumia umeme uleule, na mifereji ikakauka. Nasi mjini Arua maji ya bomba yanavutwa kutoka mto Enyau kwa pampu. Kwa hiyo mpango wa nyumba uanze na maji, taa baadaye.

Kiwango cha chini kinachotumiwa na wanaohudumia watu kwenye maafa ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi. Nyumba ya watu saba inahitaji lita 105, yaani zaidi kidogo ya jerikeni tano za lita 20. Hesabuni jerikeni mlizo nazo. Kisha jueni kisima cha pampu ya mkono kilicho karibu, nani atakwenda, na kwa baiskeli ya nani. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe vidonge vya klorini.

Na udhu? Hapa Sunna inatusaidia kuliko tunavyofikiri. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi ni kibaba, kama ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, takriban lita 0.7. Watu saba, sala tano, kila sala na udhu wake: ni kama lita 25 tu kwa siku. Sisi tunaoacha bomba likimwagika huku tukipiga soga tujaribu kutawadha kwa kikombe kuanzia leo, kabla ya dhiki. Na maji yakibaki ya kutosha kunywa tu, tayamamu ipo. Wanazuoni wamesema wazi kwamba kiu inatangulia udhu.

Baada ya maji, waulizeni wazee swali ambalo hawapendi kulijibu mbele ya watoto: nani hapa anatumia dawa ya kuwekwa kwenye friji? Mara nyingi ni insulini. Chupa iliyokwisha kufunguliwa, kwa kawaida huweza kukaa nje ya friji karibu wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 25 hadi 30 kulingana na aina yake. Akiba isiyofunguliwa ndiyo yenye shida. Vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga unaomwagiwa maji kila siku, vikiwekwa kivulini penye upepo, hupunguza joto vizuri. Dawa ifungwe kwenye mfuko usioingiza maji, wala isigusane na barafu, kwani ikiganda imeharibika. Aina ya dawa na muda wake thibitisheni kwa mhudumu wa afya sasa, iwe Kuluva hospitali au kituo kilicho karibu nanyi, na muulize kama wana jenereta.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Friji isiyofunguliwa hutunza baridi kama saa nne, kwa hiyo nyama iliwe kwanza, na posho na maharagwe yasubiri.

Moto ndio unaoua. Imepokewa kwamba nyumba moja Madina iliungua usiku na watu wakiwa ndani, na Mtume (s.a.w.) akasema moto ni adui, uzimwe mkilala. Katika hadithi nyingine ametaja panya anayeburuta utambi wa taa na kuwachomea watu nyumba. Badilisha taa kwa mshumaa, utaona kwamba maneno hayo yanahusu chumba chako cha hosteli. Taa ndogo ya sola ni bora kuliko mishumaa mia. Na sigiri yenye makaa isilale chumbani hata kama mvua inanyesha, wala jenereta isiwashwe ndani au barazani karibu na dirisha. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, aliyelala haamki.

Pesa kidogo taslimu zikae nyumbani, kwani wakala wa simu naye simu yake itazimika.

Mwisho ni mawasiliano, na hapa kuna kazi yako wewe uliye mbali, Mbale au Kampala. Laini za Arua na Koboko zikisumbua, ndugu wa huko wanaweza kushindwa kupatana wao kwa wao, lakini kila mmoja akampata mtu wa nje. Uwe wewe. Kubalianeni kwamba simu zote zizimwe mchana kuokoa chaji, na ziwashwe baada ya Maghribi kwa robo saa. Namba ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, pamoja na namba ya jirani, na hasa bibi yule wa nyumba ya pili anayeishi peke yake, na jina la mtoto atakayempelekea jerikeni kila asubuhi.