Gofu ya Wikendi: Anzia Mombasa

Picha za viwanja vya gofu vinavyosifiwa kwa mandhari hupigwa alfajiri, aghalabu kutoka angani, umande ungali kwenye nyasi. Mgeni aliyetoka Nairobi Ijumaa jioni huanza kucheza saa nne asubuhi, jua limeshawaka, bonde limefunikwa na vumbi la joto, na mbele yake kuna makundi matatu yanayongoja zamu kwenye shimo la kwanza. Ndiyo maana nakuomba usichague kwa picha. Uliza kwanza utafikaje, kisha kama uwanja utakuwa wazi siku hiyo, na mwisho utaona nini ukiwa umesimama chini na fimbo mkononi.

Kwa maswali hayo yote, jibu langu ni Mombasa Golf Club. Ni klabu ya mwaka 1911, yenye mashimo tisa tu, kusini mwa kisiwa, juu ya majabali ya Mama Ngina karibu na Ras Serani. Wanagofu wa Nairobi huidharau kwa sababu ya hayo mashimo tisa, kana kwamba ni nusu ya uwanja. Waache waidharau. Ukitaka 18 unazunguka mara mbili, na mzunguko wa pili hauwi kama wa kwanza, maana upepo umeshabadilika. Ukiridhika na tisa, saa tano asubuhi umemaliza na siku nzima ni yako.

Kinachoufanya uwanja huu ustahili safari ni kwamba bahari iko pale pale. Meli zinazoingia na kutoka bandari ya Kilindini hupita kwenye mlango wa bahari chini ya majabali, karibu kiasi kwamba unayaona makasha yaliyopangwa juu ya sitaha, rangi kwa rangi, na wakati mwingine baharia aliyeegemea ukingoni. Watu husimamisha mchezo meli ikipita, na hakuna anayelalamika.

Halafu kuna upepo. Kusi likivuma, hasa Juni hadi Agosti, linatoka baharini na kuusukuma mpira ndani kabisa, mbali na pale ulipokusudia. Kaskazi la Desemba hadi Machi lina tabia nyingine, na joto lake huchosha. Usibishane na kedi kuhusu upepo. Mzee mmoja aliyenibebea fimbo alinitazama nikilenga bendera moja kwa moja, akatikisa kichwa. "Mwanangu, lenga ule mbuyu," aliniambia. "Upepo utaurudisha wenyewe." Ukarudi, ukatua hatua chache kutoka kwenye bendera. Tangu hapo kila nikifika Mombasa nauliza kwanza mbuyu, ndipo niulize umbali.

Anayetoka bara azingatie pia kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi na mpira huenda mbali. Pwani hewa ni nzito. Ukizoea kupiga kwa namba 7, chukua 6, vinginevyo kila mpira utaangukia mchangani kabla ya kufika. Epuka Aprili na Mei, masika yanapolowesha kila kitu, na uombe nafasi ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baada ya saa nne jua la Pwani halina mchezo.

Sasa usafiri, kwa sababu hapa ndipo wikendi nyingi huharibika. Mimi hupanda treni ya Madaraka Express. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la pili kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500. Treni inayofaa ni ya Ijumaa saa tisa alasiri. Huchukua kama saa tano, hivyo unafika usiku ukiwa bado na nguvu za kula na kulala. Ile ya saa nne usiku naikataa kabisa: inakushusha kabla ya alfajiri, huna kitanda, na mtu asiyelala hawezi kupiga gofu. Tikiti za Ijumaa na Jumapili huisha mapema, kwa hiyo kata zote mbili siku moja, kwa mtandao au kwa *639#, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Mfuko wa fimbo ni kero yake. Kabla ya kuingia stesheni, mizigo yote hupangwa chini kwa mstari na kunuswa na mbwa, kisha hupita kwenye mashine, na mfuko mrefu huwa unaitiwa mwenyewe aufungue. Toa mapema chochote chenye ncha, pamoja na kile kisu kidogo cha kukwangua viatu ambacho watu husahau mfukoni. Ndani ya behewa la daraja la pili mfuko haukai vizuri juu ya viti. Panda mapema upate nafasi mwishoni mwa behewa, na ufunge fimbo kwa mkanda zisigongane njia nzima. Afadhali zaidi, beba fimbo saba kwenye mfuko mwembamba. Kwa uwanja wa mashimo tisa zinatosha.

Stesheni ya Mombasa iko Miritini, nje ya kisiwa. Ukitoka mlangoni utavamiwa na watu wanaotaja bei za teksi, na bei ya kwanza hupandishwa wakiona mfuko wa gofu, kwa sababu wanajua aliyeubeba si mtu wa kuhesabu senti. Ukiita teksi kwa simu, dereva atakupigia: "Unaenda wapi? Unalipa taslimu ama kwa simu?" Ukijibu asivyopenda, atakuomba ufute safari mwenyewe ili mpatane pembeni. Usifute. Akitaka kufuta, afute yeye, kisha uite mwingine. Kama huna haraka, ziko matatu za kwenda mjini, ila usiku na mzigo mrefu sizipendekezi. Tenga muda wa kutosha pia, maana malori ya bandarini huziba njia ya Changamwe saa yoyote yanapotaka.

Gharama zinanikera kuliko usafiri. Bei ya gofu nchini ina ngazi: ya mwanachama, ya mgeni aliyeletwa na mwanachama, ya mwanachama wa klabu nyingine, ya mkazi wa Afrika Mashariki, na ya mgeni wa nje, ambayo mara nyingi hutajwa kwa dola. Ukipiga simu bila kujieleza utatajiwa iliyo juu kabisa. Sema wewe ni nani, una kadi ya klabu gani, na handikapu yako ni ipi. Kisha uliza, moja baada ya nyingine: ada ya kucheza ina kedi ndani yake? Kigari ni hiari au lazima? Kukodi fimbo ni kiasi gani? Hoteli moja ya kifahari iliniuzia malazi na gofu kwa bei moja. Asubuhi nikaambiwa kwamba gofu maana yake ni ada ya uwanja peke yake, na kigari ni lazima na kinalipiwa mbali. Kigari kile kilinigharimu zaidi ya chakula cha siku mbili, ilhali mimi ni mtu wa kutembea na nilikuwa nimesema hivyo tangu mwanzo. Tangu siku hiyo nataka bei zote kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa WhatsApp, na nauonyesha mapokezini nikifika.

Lipa kwa Till au Paybill ya klabu, usilipe kwa nambari ya mtu binafsi. Yule kijana mchangamfu anayekupokea maegeshoni na kukuambia ofisi imefungwa, tuma kwangu nikupangie, huenda hata si kedi. Kedi wa kweli ana nambari na msimamizi, na msimamizi ndiye anayekupa mtu. Patana malipo yake kabla ya shimo la kwanza, umpe mkononi mwake mwishoni, na ukiongeza bakshishi mpe yeye mwenyewe. Kwa wengi wao hiyo ndiyo riziki ya siku. Mwanagofu anayelipa maelfu ya kigari kisha akapunja mtu aliyembebea mzigo juani kwa saa nne hanifurahishi hata kidogo.

Jambo jingine ni Jumamosi. Viwanja vingi Jumamosi huwa na mashindano: ya nahodha, ya benki fulani, ya kampuni ya bima. Wageni hawaruhusiwi, au wanaachiwa saa za jua kali. Klabu moja ya nyanda za juu ilipokea malipo yangu ya awali Jumatano, na nilipofika Jumamosi nikakuta mahema ya wadhamini na spika za muziki kando ya shimo la kwanza. Nilirudishiwa pesa baada ya wiki kadhaa za kupiga simu. Kwa hiyo usiulize "mko wazi?" maana watakujibu ndiyo. Uliza: "Jumamosi hii kuna mashindano gani?" Na kama unaweza, cheza Ijumaa asubuhi au Jumapili, uiache Jumamosi iwe ya matembezi.

Kwa Mombasa hilo si tatizo. Alasiri shuka Mama Ngina, hatua chache kutoka klabuni, kula mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, unywe madafu, uzitazame zile meli kutoka upande wa pili wa ua.

Wenye pesa zaidi wataniambia Vipingo. Sawa, Vipingo Ridge ni pazuri kweli, na sitasema vinginevyo. Uwanja wake wa mashimo 18, uliosanifiwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, uko juu ya kilima katika eneo lililokuwa la mashamba ya katani, mibuyu mikubwa imeachwa katikati, pundamilia wanazunguka, na bahari unaiona kwa mbali. Mashindano ya Magical Kenya Ladies Open yamechezwa pale. Lakini ni kilomita 30 na zaidi kutoka Mombasa, na kati yako na kilima kuna Mtwapa, ambako foleni inaweza kukumaliza. Nenda ukiwa na siku tatu na ulale huko huko. Kwa siku mbili utatumia nusu ya wikendi ndani ya gari.

Diani siirudii kwa ajili ya gofu. Watu husikia Diani wakawaza bahari, lakini uwanja wa Leisure Lodge uko ng'ambo ya barabara, ndani ya miti. Ni mchezo mzuri wa msituni wenye nyani wengi, ila kama ulifuata bahari utaiona hotelini, uwanjani sahau. Ukienda, dereva akupitishe Dongo Kundu kutoka Miritini, usiingie kisiwani kungoja feri ya Likoni. Nyali nayo ina mashimo 18 na nyasi safi, lakini imezungukwa na nyumba. Huko nenda kama lengo ni alama.

Anayetaka mlima badala ya bahari aende Nanyuki, na aende Januari au Februari. Mlima Kenya, ambao kilele chake cha Batian kina mita 5,199, hujitokeza alfajiri na mara nyingi saa nne umeshajifunika mawingu hadi kesho yake. Wageni wengi hukimbilia Mount Kenya Safari Club kwa sababu ya historia yake, ile ya mwigizaji William Holden, na kwa sababu mstari wa ikweta unapita pale. Mimi naona Nanyuki Sports Club, yenye mashimo tisa pia, inakupa mlima ule ule bila mbwembwe. Barabara nayo imekuwa rahisi tangu ile ya Kenol hadi Marua ilipopanuliwa.

Naivasha ndiyo ninayoipinga kwa wikendi. Uwanja wa Great Rift Valley Lodge, kwenye miinuko ya Eburru juu ya ziwa, una mandhari ya ajabu, sikatai. Lakini barabara ya Nakuru Jumapili jioni, Nairobi nzima ikirudi nyumbani kwa pamoja, itakunyang'anya raha yote uliyoipata. Nenda Jumanne.

Msomaji wa Arusha au Moshi hana haja ya kuja huku kote. Kili Golf, karibu na Usa River, inakupa Meru na, anga likiwa safi, Kilimanjaro yenyewe. Na wa Nairobi mwenye siku tatu anaweza kupitia Namanga akawahi huko, mradi abebe hati zake na za gari.

Kurudi kutoka Mombasa, kata tikiti ya Jumapili saa tisa alasiri. Cheza mapema, oga klabuni, kula, na saa saba uwe umeshaondoka kisiwani, kwa sababu ule mstari wa mizigo na mbwa unakungoja Miritini pia, na lango hufungwa kabla ya treni kuondoka.