Lugha Nne za Waswisi

Uswisi ni nchi ya milima mirefu, na watu wake husema lugha nne: Kijerumani, Kifaransa, Kiitalia na Kiromanshi. Hao wasemao Kiromanshi ni wachache mno, hawafiki hata mmoja katika watu mia.

Walikuwako watu wa Italia waliodai ya kuwa Kiromanshi si lugha, bali ni Kiitalia cha milimani tu. Waswisi wakaingiwa na hofu, kwani adaiye lugha leo, kesho hudai na nchi. Basi mwaka 1938 wakaulizwa: Je, Kiromanshi kihesabiwe kuwa lugha ya taifa? Katika kila kura kumi, zaidi ya tisa zilikubali, na wengi wa waliozipiga hawakukijua Kiromanshi. Wanawake hawakuulizwa, wao waliingoja haki hiyo mpaka mwaka 1971.