Mwokoaji Asiwe Maiti wa Pili

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara na lishe ya watoto. Mwezi huu tunapenda tuongee juu ya kifo ambacho hakina chanjo wala vidonge, nacho ni kufa maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano.

Huenda msomaji wa Nachingwea au Ruangwa akasema, "Sisi hatuna bahari wala ziwa. Hayo ni mambo ya watu wa Lindi na Kilwa." Tumkumbushe kwamba tunayo mito ya Mbwemkuru na Lukuledi. Wakati wa kiangazi tunaiona mchanga mtupu na mabwawa machache, tukaizoea. Mvua zikianza Desemba, mto ule ule tuliouvuka kwa miguu jana unaweza kujaa kwa usiku mmoja, hata kama kijijini kwetu haikunyesha. Tunayo pia malambo na visima visivyo na mfuniko. Tena, wakati wa Pasaka, Idi na Nane Nane pale Ngongo, vijana wetu husafiri kwenda Lindi na wengi hawarudi kabla ya kuingia baharini. Kijana aliyejifunza kuogelea bwawani hajui mawimbi wala maji kupwa na kujaa.

Kwa hiyo tunawaomba watu wenye mitumbwi, na vijana wenye nguvu, wajitolee kuwa waokoaji. Lakini wajifunze kwanza, na hapa chini tunaeleza kwa nini.

Funzo kutoka Bukoba

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Kati yao 24 walipona na 19 walikufa. Watu wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alieleza baadaye kwamba alipokuwa akijaribu kuwasaidia marubani, kamba iliyokuwa ikivutwa ilimpiga, akapoteza fahamu, akazindukia hospitalini. Baadaye serikali ilimpeleka katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apate mafunzo.

Habari hiyo inatufundisha mambo mawili. La kwanza, anayeokoa ni yule aliye karibu. Anayezama hawezi kungoja gari litoke wilayani. La pili, moyo mwema peke yake hautoshi. Mara nyingi tunasikia kwamba mtoto alizama, kaka yake akajitosa kumfuata, na jioni wakatolewa wote wawili. Mtu anayezama hukamata chochote kilicho mbele yake, na akikukamata shingoni atakuzamisha bila kukusudia, hata kama ni mtoto wako.

Mtu anayezama anaonekanaje?

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Ni kweli kwa mtu ambaye bado ana nguvu. Lakini wengi, hasa watoto, huzama kimya. Hawapigi kelele, kwa sababu mdomo unazama na kuibuka, na pumzi haitoshi kupiga ukelele. Kichwa kimelala nyuma, mwili umesimama wima, mikono inasukuma maji kama anayejaribu kupanda ngazi. Hali hiyo huweza kuisha kwa muda usiofika dakika moja. Kwa hiyo mtoto aliyenyamaza ghafla majini atazamwe mara moja.

Mtumbwi wa kuokolea

Mtumbwi huo uwe na watu wawili, mmoja wa kupiga kafi na mwingine wa kuokoa. Wote wajue kuogelea, na wasiwe wamekunywa. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu msimu wa korosho ni msimu wa uraka, na uraka na maji havipatani. Mwenye kifafa asipewe kazi hii. Ndani ya mtumbwi kuwe na kamba imara, chombo cha kukumba maji, kafi ya akiba, na madumu mawili matupu ya lita 20 yaliyofungwa vizuri mifuniko. Dumu tupu humwelesha mtu mzima. Kama majaketi ya kuokolea yanapatikana, waokoaji wayavae tangu mwanzo.

Mtoni, mtumbwi ukae upande wa chini wa mkondo, chini ya mahali watu wanapovukia au kuoga, ili anayechukuliwa na maji aletwe kwenu. Baharini, ukae nje ya waogaji, ukielekea pwani, na mtu yeyote asiruhusiwe kuupita. Aliye zamu asivue samaki wala kupiga soga. Kazi yake ni kuhesabu vichwa.

Walimu na viongozi wanaopeleka watoto Lindi wazungumze na mvuvi wa pale na kupatana naye kabla mtoto hata mmoja hajaingia majini. Kila mtoto awe na mwenzake, na wahesabiwe kila robo saa.

Namna ya kumfikia

1. Kama yuko karibu na ukingo, usiingie majini. Lala kifudifudi, umpe fimbo, kanga au upondo ashike.
2. Kama yuko mbali kidogo, mtupie dumu lililofungwa kamba.
3. Kama haiwezekani, nenda kwa mtumbwi. Mkaribie kwa omo au kwa tezi, usimwendee kwa ubavu. Akishika ubavu na kujivuta, mtumbwi utapinduka na mtakuwa watatu majini.
4. Mpe dumu kwanza. Akitulia, ashike tezi, mkamvute polepole hadi ufukoni.
5. Kama amezimia, mmoja akae upande wa pili kuusawazisha mtumbwi, mwingine ainue kichwa chake juu ya maji na kumpandisha kwa tezi.

Akishatolewa majini

Zipo desturi za kumning'iniza mtu miguu juu au kumkamua tumbo ili maji yatoke. Tunawasihi muziache. Zinapoteza muda, na huweza kuleta matapishi yakaingia mapafuni. Aliyezama anahitaji hewa, kwa kuwa ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache tu.

Mlaze chali mahali pagumu. Mwite, mtikise bega. Kama haitiki wala hapumui, inua kidevu chake, ziba pua yake, mpulizie pumzi tano mdomoni mpaka uone kifua kinapanda. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara mbili hivi kila sekunde, kifua kishuke kama sentimita tano kwa mtu mzima na theluthi ya unene wa kifua kwa mtoto. Mpulizie pumzi mbili, urudie 30. Endelea hivyo mkipokezana mpaka apumue au mganga afike. Akitapika, mgeuze ubavu. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze kiubavu, mvue nguo mbichi, mfunike.

Hata akisimama na kusema amepona, apelekwe zahanati au kituo cha afya siku ile ile. Maji kidogo yaliyoingia mapafuni huweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye.

Kinga ni bora kuliko tiba

Mwokoaji bora ni yule asiyepata kazi. Tufunike visima na kuzungushia malambo uzio. Watoto wadogo wasiachwe peke yao penye maji. Mwenye kifafa asioge mtoni bila mtu wa kumwangalia. Mto ukijaa, tungoje. Safari ya sokoni itaendelea kesho.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika jumuiya

1. Ni mahali gani kijijini kwetu ambapo watu wamewahi kufa maji? Tumefanya nini tangu hapo?
2. Nani kati yetu ana mtumbwi, na nani yuko tayari kukaa zamu siku mto unapojaa?
3. Je, tunaweza kumwomba mganga wa zahanati yetu aje atuonyeshe namna ya kumpulizia mtu pumzi, kabla mvua hazijaanza?