Tunapowavusha Wageni Kwenda Kilwa Kisiwani

Katika somo hili tutajifunza juu ya kazi inayofanyika mbele ya macho yetu hapa Kilwa Masoko. Ni kazi ya kuwavusha wageni kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Wageni hawa huja kutazama magofu ya miji ya kale. Wengine ni wenzetu wa Tanzania, wengine wametoka nchi za mbali.

Kazi hii huleta fedha. Nahodha hupata, baharia hupata, anayewatembeza wageni hupata, na mama anayewapikia wali na samaki naye hupata. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini tujiulize: je, mwenyeji anapona kweli? Na miaka 20 ijayo, watoto wetu nao watapona?

Jambo kubwa la kushika katika somo hili ni moja. Mgeni haji Kilwa kwa sababu ya mashua. Mashua ziko kila pwani. Mgeni anakuja kwa sababu ya mawe ya wazee wetu. Mawe yakianguka, mashua zetu zitakosa abiria. Kwa hiyo anayetunza mashua yake tu, ametunza nusu ya kazi.

1. Mgeni anaona nini?

Kutoka Masoko mpaka Kisiwani ni kama kilomita 2 tu za maji. Boti ya injini huvuka upesi. Mashua ya tanga hutegemea upepo. Safari ni fupi, lakini maswali ya mgeni ni mengi. Nahodha anayejua kujibu humfurahisha mgeni, na mgeni aliyefurahi huwaambia wenzake.

Jengo linaloonekana kwanza ufukoni ni Gereza. Jina hili lisikuchanganye. Hapa maana yake ni ngome ya vita. Wareno waliuvamia mji wa Kilwa mwaka 1505 wakajenga ngome. Mwaka 1512 waliondoka. Ngome tunayoiona leo sehemu kubwa ilijengwa upya wakati wa Waarabu wa Oman, karibu na mwaka 1800.

Ukipanda kutoka ufukoni utakuta Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi, ina umri wa miaka 800 na zaidi. Sehemu kubwa ya kusini, yenye nguzo na makuba, iliongezwa baadaye. Wajenzi walitumia mawe ya matumbawe na chokaa. Hawakuwa na saruji, wala nondo, wala trekta. Walikuwa na ujuzi.

Upande wa mashariki, juu ya genge linalotazama bahari, yako magofu ya Husuni Kubwa. Lilikuwa jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pembe 8. Mwaka 1331, wakati wa utawala wa sultani huyo, msafiri mashuhuri wa Morocco aitwaye Ibn Battuta alifika Kilwa. Aliusifu mji kwa uzuri wake, na aliandika kwamba sultani alisifika kwa ukarimu. Tazama basi: kumpokea mgeni vizuri si jambo geni Kilwa. Mgeni mmoja alipokewa vizuri, akaandika, na dunia inasoma habari hiyo mpaka leo.

2. Utajiri wa Kilwa ulitoka wapi?

Ulitoka baharini. Dhahabu ilitoka bara, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Ilifika bandari ya Sofala, ambayo leo ni Msumbiji, ikapakiwa majahazini na kuletwa Kilwa. Pembe za ndovu nazo ziliuzwa. Kwa upande mwingine vilikuja vitambaa, shanga, na vyombo vya kaure vya kutoka China. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu za Kilwa mbali kabisa, katika visiwa vilivyo kaskazini ya Australia!

Lakini historia ina tamu na chungu. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Watu wetu walipelekwa kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa. Karne iliyofuata, Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa kwenda Unguja. Mgeni akiuliza habari hizi, tusifiche. Tumwambie kweli. Aliyeuzwa alikuwa mtu, kama wewe na mimi.

3. Kuyajua maji

Wavuvi wa Kilwa ni walimu katika sehemu hii. Sisi tunaandika tu yale wanayoyajua, ili vijana wayasome.

Maji hujaa kwa muda wa kama saa 6, kisha hukupwa kwa muda wa kama saa 6. Kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Maji yakijaa leo saa 4 asubuhi, kesho yatajaa karibu saa 5 kasoro dakika 10.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua. Hujaa sana na kukupwa sana. Siku za bamvua katika pwani yetu, maji hukupwa kabisa karibu saa 4 au saa 5 za asubuhi. Sasa fikiri. Mgeni anataka kwenda Songo Mnara asubuhi hiyo. Mashua haitafika karibu. Mgeni atashuka na kutembea kwenye matope katikati ya mikoko, viatu mkononi. Hilo si kosa la bahari. Ni kosa la aliyepanga safari bila kuhesabu. Mwambie mgeni mapema. Akikubali kutembea matopeni, sawa. Asipokubali, badilisheni saa.

Upepo nao una majira yake. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi. Kusi huanza baada ya hapo, na huwa na nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti. Kwenda Songo Mnara ni mbali kuliko Kisiwani, na mawimbi huko si mchezo. Kabla ya kuondoka, sikiliza redioni habari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, usiende. Fedha ya kesho ipo. Roho haina ya akiba.

4. Usalama wa abiria

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu na kisiwa cha Ukara. Watu zaidi ya 200 walikufa. Kivuko kilikuwa kimebeba watu wengi kuliko uwezo wake, na kilikuwa kimekaribia kufika nchi kavu. Kwa hiyo tusiseme, "Aa, Kisiwani ni hapo tu, tunapaona." Maji hayajali kama ng'ambo panaonekana.

Kila nahodha ashike mambo haya:

- Chombo kiwe kimekaguliwa na kupata leseni. Kazi hiyo husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC.
- Kila abiria apewe jaketi ya kuokolea maisha, ile ambayo wengi huiita laifu jaketi. Aivae. Kuikalia si kuivaa.
- Ndani ya chombo viwemo kasia, nanga, kamba, na ndoo ya kutolea maji.
- Majina ya abiria yaandikwe, na karatasi moja ibaki nchi kavu.
- Idadi ya abiria isizidi ile iliyoandikwa kwenye leseni.

Mara nyingi utasikia mazungumzo kama haya ufukoni:

"Nahodha, tuongeze wawili tu, ni ndugu zetu."

"Hapana, bwana. Chombo hiki ni cha watu 8. Hao wawili nitarudi kuwachukua."

Nahodha huyu amepoteza muda kidogo. Lakini ameokoa watu 10.

5. Mali bila daftari

Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Wewe uliyehitimu kisomo una kalamu. Itumie. Tufanye hesabu ya safari moja. Bei hizi ni za mfano tu.

Wageni 6, kila mmoja shilingi 20,000: 120,000

Gharama:
Petroli lita 12 kwa shilingi 3,000: 36,000
Posho ya nahodha: 20,000
Posho ya baharia: 15,000
Chakula na maji ya kunywa: 9,000
Jumla ya gharama: 80,000

Baki: 40,000

Asiyeandika atadhani amepata shilingi 120,000, na jioni atazitumia. Anayeandika anajua amebakiwa na 40,000. Tena katika hizo atenge nusu, yaani 20,000, kwa ajili ya rangi, mbao, kalafati na injini. Injini haiombi ruhusa kabla ya kufa.

Jambo jingine ni kiingilio. Magofu husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Mgeni hupata kibali kabla ya kuvuka, na kiingilio chake ni fedha ya serikali. Nahodha usiipokee mkononi. Mwonyeshe mgeni ofisi ilipo, na hakikisha anapewa stakabadhi. Soma stakabadhi hiyo: tarehe, idadi ya watu, na kiasi cha fedha. Hii ndiyo faida ya kujua kusoma.

6. Mawe na mikoko

Sasa turudi kwenye jambo letu kubwa. Mwaka 1981 shirika la UNESCO liliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Ni heshima kubwa. Lakini mwaka 2004 magofu yetu yaliwekwa katika orodha nyingine, ya urithi ulio hatarini. Kwa nini? Mawimbi yalikuwa yanakula ufuko, na kuta za Gereza zilizotazama bahari zilikuwa zikiporomoka. Mvua ilikuwa inamomonyoa udongo chini ya misingi. Miti ilikuwa inaota ndani ya kuta na kuzipasua.

Kazi ikafanyika. Kuta zilitengenezwa kwa chokaa, kwa mafundi na vibarua wa hapa hapa. Kinga za mawe zilijengwa ufukoni, na mikoko ikapandwa. Mwaka 2014 magofu yaliondolewa katika orodha ya hatari. Wananchi walishiriki, na matokeo yalionekana.

Lakini bahari haijalala. Mizizi ya mikoko hushika tope na kuvunja nguvu ya wimbi. Mkoko ukikatwa kwa boriti au kwa kuni za kuchomea chokaa, wimbi hupita moja kwa moja mpaka kwenye ukuta. Tena samaki wadogo na kamba hukua katika mizizi hiyo. Anayekata ovyo anapoteza mara mbili: mchuzi na mgeni.

Vilevile tusichukue mawe ya magofu kwa kujengea. Tusiuze vigae vya kaure wala sarafu za kale zinazookotwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda. Mgeni akikuomba umwuzie, mjibu kwa upole: "Samahani, hivi si vyangu peke yangu." Ukiokota sarafu, ipeleke kwa wasimamizi wa magofu. Wenye mashua nao wasifunge kamba kwenye ukuta wa kale, wala wasigongeshe chombo kwenye kinga za mawe.

Ndugu wasomaji, Ibn Battuta alikuja kwa jahazi akaondoka. Wareno walikuja na mizinga wakaondoka. Wageni wa leo huja asubuhi na jioni wanaondoka. Anayebaki na mawe haya ni mwenyeji.

Maneno ya kujifunza

*Gofu*: jengo la kale lililobomoka au lisilokaliwa.
*Bamvua*: wakati maji ya bahari yanapojaa na kukupwa sana.
*Kalafati*: pamba na mafuta ya kuziba nafasi kati ya mbao za chombo.
*Stakabadhi*: karatasi ya kuonyesha kwamba fedha imelipwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini tunasema anayetunza mashua tu ametunza nusu ya kazi?
2. Maji yamejaa leo saa 3 asubuhi. Kesho yatajaa karibu saa ngapi?
3. Tumia bei za mfano wetu. Wageni wakiwa 4 badala ya 6, na gharama zikiwa zile zile 80,000, kitabaki kiasi gani? Je, safari hiyo inafaa? Mngefanya nini?
4. Katika kijiji chenu, ni nani anayekata mikoko, na kwa mahitaji gani? Mnaweza kumsaidia kupata boriti au kuni mahali pengine?
5. Mwombeni mzee mmoja awasimulie alivyoyaona magofu alipokuwa mtoto. Andikeni maneno yake na tarehe. Hifadhini daftari hilo.