Kano ya Kisigino: Kurudi Mbioni Baada ya Jeraha

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, mkimbiaji wa mita 5,000, aanza kuhisi maumivu nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Asubuhi atokapo kitandani huchechemea hatua chache za kwanza, kisha mguu hulainika. Aanzapo mazoezi huumia. Baada ya kilomita mbili maumivu hupotea naye hudhani amepona. Jioni hurudi yakiwa makali zaidi. Mwalimu wa michezo amwambia apumzike mpaka maumivu yaishe. Apumzika wiki sita, na maumivu yaisha kweli. Kwa kuwa mashindano ya UMISSETA yamekaribia, arudi uwanjani na kukimbia vile vile alivyokuwa akikimbia kabla ya kuumia. Siku ya nne au ya tano kano yauma tena, na safari hii vibaya kuliko mwanzo.

Kisa cha namna hii si kigeni kwa walimu wa michezo. Kwa kawaida lawama humwangukia ama mwanafunzi, kwamba hana uvumilivu, ama mwalimu, kwamba alimharakisha. Lakini kasoro imo katika ushauri wenyewe wa kupumzika tu mpaka maumivu yaishe. Ili kuiona kasoro hiyo hapana budi kuichunguza kano: imeumbwaje, hubeba mzigo kiasi gani, na hujitengeneza kwa mwendo gani.

Umbo la kano

Kano ni ugwe mgumu uunganishao msuli na mfupa. Kano ya kisigino ndiyo nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini mwa binadamu. Huunganisha misuli miwili ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, na urefu wake kwa mtu mzima ni kama sentimita 15. Madaktari huiita kano ya Achilles, kwa jina la shujaa wa hadithi za Wayunani wa kale ambaye mwili wake wote haukuweza kudhurika isipokuwa kisigino.

Aliyewahi kupika kongoro aijua kano vyema, kwani ndiyo ile sehemu nyeupe ikataayo kulainika mpaka ichemshwe kwa saa nyingi. Ugumu huo watokana na protini iitwayo kolajeni. Molekuli moja ya kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotana. Molekuli nyingi hufungamana kuwa uzi mwembamba, nyuzi nyembamba hufungamana kuwa uzi mnene zaidi, na kuendelea, mithili ya kamba ya katani. Katika kano nzima nyuzi hizo zimelala sambamba, zikielekea upande uleule ambao kano huvutwa.

Kano iliyochoka kwa mazoezi ya kupita kiasi, ikitazamwa kwa hadubini, huonyesha picha nyingine. Nyuzi zimepinda na kukatizana ovyo, maji yameongezeka katikati yake, na vijishipa vidogo vya damu pamoja na neva vimeota mahali ambapo havikuwapo. Mara nyingi sehemu iumiayo ni ile iliyo sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa wa kisigino. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ugonjwa huu ni uvimbe tu, kama ule wa kidonda kibichi, na kwamba ukitulizwa mgonjwa atakuwa amepona. Leo yajulikana kwamba dalili za uvimbe wa aina hiyo ni chache katika kano iliyougua kwa muda mrefu; tatizo kubwa ni mpangilio wa nyuzi ulioharibika. Ndiyo sababu dawa za kutuliza maumivu huweza kumnyamazisha mkimbiaji bila kuibadili kano.

Hesabu ya mzigo

Hapa mwalimu wa fizikia aweza kuitumia kano kufundishia nyenzo. Mwanafunzi mwenye kilo 60, ambaye uzito wake ni kama newtoni 600, na asimame kwa ncha ya mguu mmoja. Egemeo ni fundo la mguu. Umbali kutoka egemeo hadi mahali vidole vianziapo, ambapo ardhi husukuma juu, na uchukuliwe kuwa sentimita 12. Umbali kutoka egemeo hadi kano, sentimita 5. Kwa kanuni ya momenti, nguvu ya kano ikizidishwa kwa 5 ni sawa na 600 ikizidishwa kwa 12. Nguvu ya kano basi ni newtoni 1,440, yaani zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili, na hapo mtu amesimama tu.

Mtu akimbiapo, ardhi huusukuma mguu kwa nguvu ifikayo kama mara mbili na nusu ya uzito wake. Kwa mwanafunzi huyu ni newtoni 1,500. Kwa hesabu ile ile kano hubeba newtoni 3,600, yaani mara sita ya uzito wa mwili. Ikiwa eneo la mkato wa kano ni milimita mraba 60, kila milimita mraba hubeba newtoni 60. Kano hukatika kwenye mkazo wa kama newtoni 100 kwa kila milimita mraba. Mhandisi ajengaye daraja asingekubali ukingo mdogo namna hiyo kati ya mzigo wa kila siku na mzigo wa kuvunjika! Tena mzigo huo hauji mara moja. Katika kila kilomita mguu mmoja hutua chini kama mara 400 hadi 500, hivyo katika kilomita 10 kano moja huvutwa zaidi ya mara 4,000.

Kwa nini basi maumbile yaliiweka kano katika hatari hiyo? Jibu ni kwamba kano ni springi. Mwaka 1987 R. McNeill Alexander wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, pamoja na wenzake, walikadiria kwamba mtu mwenye kilo 70, akimbiapo kwa mwendo wa mita 4.5 kwa sekunde, huhifadhi katika kano ya kisigino kama jouli 35 za nishati katika kila hatua, kati ya jouli 100 hivi ambazo mwili hupoteza na kuzipata tena. Karibu nishati yote iliyohifadhiwa hurudishwa mguu unapoinuka. Inayopotea kwa joto ni kama asilimia 7 tu. Springi isiyonyumbuka haihifadhi kitu, na kano isiyobeba mzigo mkubwa hainyumbuki.

Kalenda mbili

Moyo, mapafu na misuli hudhoofika upesi mtu aachapo mazoezi, lakini pia hurudia hali yake upesi. Wiki chache zatosha mkimbiaji kuona pumzi yake imerudi. Kano hufuata kalenda nyingine. Nayo hudhoofika kwa kupumzishwa, kwa maana kano isiyovutwa hupungua ukakamavu, lakini kuurejesha huchukua miezi. Mwanafunzi wetu alipumzika wiki sita. Aliporudi, pumzi ilimruhusu kukimbia mwendo ambao kano, iliyokuwa imezidi kudhoofika kitandani, haikuweza kuubeba. Kimya cha maumivu kilikuwa kimya cha kano isiyopewa kazi.

Ucheleweshaji huo wa kano umethibitishwa kwa njia ya ajabu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, ambayo kwa sehemu kubwa yalisimama mwaka 1963, yaliongeza kaboni 14 hewani karibu maradufu. Mimea iliivuta, wanyama na watu wakaila, ikaingia katika tishu zao. Kisha kiasi chake hewani kikapungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo tishu yoyote iliyojengwa katika kipindi hicho ina alama ya mwaka wake. Katja Heinemeier na wenzake wa Denmark waliipima kaboni hiyo katika kano za kisigino za watu waliozaliwa miaka mbalimbali, wakatangaza matokeo mwaka 2013. Misuli ya watu hao ilionyesha kwamba hujengwa upya daima. Kiini cha kano hakikuonyesha hivyo. Kolajeni yake ilikuwa ni ile ile iliyojengwa hadi umri wa miaka 17 hivi. Mzee wa miaka 60 atembea kwa kano aliyoijenga alipokuwa shuleni. Jambo hili lapasa kuwafikirisha walimu, kwani wanafunzi wao wa kidato cha tatu na cha nne wamo katika miaka hiyo ya mwisho ya ujenzi.

Je, kano iliyoharibika haiponi kamwe? Hupona kwa maana ya kuweza kazi. Sehemu iliyovurugika huenda isirudi ilivyokuwa, lakini nyuzi nzima zilizoizunguka huweza kuimarishwa, misuli ya shavu ikapata nguvu, na neva zikauzoea mzigo tena. Mfano mashuhuri ni Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 alimshinda Paul Tergat wa Kenya katika mita 10,000 kwa sekunde 0.09, ilhali kano yake ya kisigino ilikuwa mbovu. Baadaye akafanyiwa upasuaji. Mwaka 2001 huko Edmonton alipata nafasi ya tatu, Charles Kamathi wa Kenya akashinda. Mwaka 2004 kano ilimzuia tena kufanya mazoezi kabla ya Michezo ya Athens, akamaliza wa tano. Mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 35, aliweka mjini Berlin rekodi ya dunia ya marathoni, saa 2 dakika 3 na sekunde 59.

Mzigo kama dawa

Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson wa Umeå, Sweden, pamoja na wenzake, walieleza habari za wakimbiaji 15 wa kawaida waliokuwa wameugua kano kwa muda mrefu. Kila mmoja alisimama ukingoni mwa ngazi kwa ncha za miguu, akajiinua kwa mguu mzima, kisha akashusha kisigino polepole kwa mguu mgonjwa peke yake: mara 15 goti likiwa limenyooka na mara 15 likiwa limekunjwa, kila zoezi likirudiwa mafungu matatu, asubuhi na jioni. Jumla ni mara 180 kwa siku. Zoezi lilipokuwa jepesi waliongeza uzito mgongoni. Baada ya wiki 12 wote 15 walikuwa wamerudi mbioni. Uchunguzi uliofanywa baadaye Denmark, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba mazoezi mazito ya polepole, mara tatu tu kwa wiki, huleta matokeo mema vile vile. Kwa mwanafunzi mwenye masomo, utaratibu huu wa pili wafaa zaidi. Begi la mgongoni lenye mchanga latosha badala ya vyuma. Ikiwa maumivu yapo kwenye mfupa wenyewe wa kisigino, zoezi lifanyiwe sakafuni, kisigino kisishuke chini ya usawa wa vidole.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba si lazima zoezi lisiume. Karin Grävare Silbernagel na wenzake wa Sweden walionyesha mwaka 2007 kwamba wagonjwa walioruhusiwa kuendelea kukimbia na kuruka wakati wa matibabu hawakupata madhara kuliko waliokatazwa, mradi walifuata kipimo. Maumivu hupewa alama kutoka 0 hadi 10. Yakifika hadi 5 wakati wa zoezi yakubalika, lakini kesho yake asubuhi yawe yamekwisha kushuka, na wiki hadi wiki yasizidi. Asubuhi, basi, ndiyo mwamuzi. Yafaa mwanafunzi awe na daftari, aandike kila siku alama ya hatua zake za kwanza kutoka kitandani.

Kukimbia kwenyewe kuanze mwanafunzi awezapo kutembea nusu saa bila kuumia. Mwanzoni akimbie dakika moja na kutembea dakika mbili, mahali tambarare, kisha apumzishe mguu siku mbili kabla ya kurudia. Kwanza huongezwa muda, baadaye sana mwendo, na vilima mwisho kabisa, kwa sababu kupanda kilima huinyosha kano ikiwa chini ya mzigo. Kukimbia kwa ncha za miguu huongeza mzigo wa kano. Mwanafunzi azoeaye viatu asichague wakati huu kujifunza kukimbia pekupeku. Siku za katikati aendeshe baiskeli, ili moyo na mapafu visilale. Kazi yote huchukua miezi mitatu kwa uchache, na kwa wengine mwaka.

Aliyesikia mlio kama wa kupigwa teke nyuma ya mguu, kisha akashindwa kabisa kusimama kwa ncha ya mguu huo, pengine kano yake imekatika, naye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Sindano za kotisoni ndani ya kano ziepukwe, kwani huweza kuidhoofisha. Kuna dawa nyingine isiyoshukiwa na wengi. Siprofloksasini, ambayo hutolewa mara nyingi kwa homa ya matumbo, huweza kuiumiza kano na hata kuikata. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liandikwe waziwazi. Mkimbiaji apewaye dawa hiyo amweleze daktari habari za kano yake, na aumwapo kano akiwa angali akiimeza, asimamishe mazoezi na amrudie mara moja.

Kabla ya kumruhusu mwanafunzi kushindana, mwalimu aweza kumpima bila chombo chochote. Mwanafunzi asimame kwa mguu mmoja, vidole vya mkono vikigusa ukuta, goti limenyooka, ainue na kushusha kisigino kwa mwendo sawa mpaka ashindwe, au mpaka kimo kipungue. Idadi ihesabiwe kwa mguu mzima, kisha kwa mguu ulioumia. Ikiwa mguu mzima umefika mara 25 na ulioumia mara 15, uwiano ni asilimia 60, na mwanafunzi huyo hajawa tayari, hata kama haumwi. Wengi hutaka uwiano ufikie asilimia 90. Zoezi hilo hilo laweza kufanywa na darasa zima la biolojia, wazima kwa wagonjwa, na matokeo kuchorwa katika grafu: wanafunzi wataona kwamba hata miguu ambayo haijapata kuumia ni nadra kulingana kabisa.