Sufuri Si Nafasi Tupu: Somo la Kuhesabu Wanyamapori

Mtu anayekwenda kwenye kinamasi cha Marura, karibu na Chuo Kikuu cha Eldoret huko Chepkoilel, ili kuhesabu korongo-taji, anaweza kurudi na jibu moja kati ya matatu. Huenda amewaona na ana idadi yao. Huenda amewatafuta kwa muda wote uliopangwa na hakumwona hata mmoja. Au huenda hakufika kabisa, kwa sababu mvua iliharibu barabara.

Katika daftari, majibu haya hayachanganyiki. La pili huandikwa 0. La tatu huachwa wazi. Tatizo huanza pale daftari linapoingizwa kwenye kompyuta, kwa kuwa programu iliyotengenezwa bila uangalifu haioni tofauti kati ya "hakuna aliyeonekana" na "hakuna aliyekwenda kuangalia".

Hesabu moja, majibu matatu

Tuchukue mfano wa kufundishia tu, ambao si takwimu za Marura. Ziara tano zilipangwa katika kinamasi kimoja. Ya kwanza walionekana korongo 4, ya pili 0, ya tatu haikufanyika, ya nne walionekana 6 na ya tano 0. Jumla ni korongo 10. Wastani kwa kila ziara ni ngapi?

Programu ikigeuza nafasi tupu kuwa sufuri, itagawanya 10 kwa 5 na kutoa 2. Programu ikifuta sufuri zote pamoja na nafasi tupu, itagawanya 10 kwa 2 na kutoa 5. Jibu sahihi ni 2.5, yaani 10 kwa ziara 4 zilizofanyika kweli. Daftari ni lile lile, lakini programu moja inaonyesha ndege wachache kuliko ukweli, na nyingine inaonyesha mara mbili ya wastani halisi.

Kosa linavyoingia

Njia ya kwanza ni fomu ya kompyuta inayojaza 0 yenyewe kila nafasi inapoachwa wazi. Ziara ambayo haikufanyika hugeuka ushahidi kwamba ndege hawakuwepo.

Njia ya pili ni ya kuunganisha majedwali. Hifadhidata nyingi huwa na jedwali la ziara na jedwali la wanyama walioonekana. Programu ikiagizwa kutoa tu mistari inayolingana katika majedwali yote mawili, kila ziara ambayo hakuna mnyama aliyeonekana hutoweka kimya kimya. Hakuna onyo linalojitokeza kwenye skrini.

Njia ya tatu hutokea data inapohamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. GBIF, mtandao wa kimataifa wa data za viumbe wenye makao yake Copenhagen, Denmark, una sehemu maalumu ya kueleza kama kiumbe alikuwepo au hakuwepo. Sehemu hiyo ikiachwa wazi na idadi pia ikikosekana, mfumo huchukulia kwamba kiumbe alikuwepo. Kwa hivyo, anayetuma rekodi za kutokuwepo bila kujaza sehemu hiyo anaweza kumweka mnyama kwenye ramani mahali ambapo alitafutwa na kukosekana.

Orodha kamili na orodha pungufu

Mradi wa Kenya Bird Map, ambao Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ni mshirika wake, unaonyesha namna ya kukabili tatizo hili. Nchi imegawanywa katika miraba yenye upande wa takriban kilomita 9. Mtu anayetoa orodha kamili hutumia angalau saa 2 katika mraba mmoja na huandika kila aina ya ndege anayeitambua kwa kumwona au kumsikia. Kwa sababu juhudi hiyo inajulikana, ndege asiye kwenye orodha anaweza kuhesabiwa kuwa hakupatikana siku hizo. Orodha ya mtu aliyeandika korongo pekee barabarani haiwezi kusomwa hivyo, maana ukimya wake kuhusu ndege wengine hauthibitishi lolote.

Hata sufuri ya kweli ina mipaka yake. Nzohe, ambaye wengi humwita sitatunga, hujificha ndani ya mafunjo na anaweza kukosekana machoni pa mtu aliye hatua chache tu kutoka kwake. Ndiyo maana wataalamu hurudia ziara mahali pale pale kabla ya kusema mnyama hayupo.

Kwa nini jambo hili linamhusu mkazi

Korongo-taji, anayeitwa kong'ony kwa Kikalenjin, yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka tangu mwaka 2012. Hutaga mayai katika maeneo oevu na hutafuta chakula mashambani, hivyo maisha yake yamefungamana na ya wakulima.

Chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, miradi iliyoorodheshwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na umma hupewa nafasi ya kutoa maoni. Ripoti ikisema kwamba korongo hawapo katika kinamasi fulani, neno hilo lina uzito. Likitokana na nafasi tupu iliyogeuzwa sufuri, kinamasi kinaweza kukaushwa kwa sababu ya kosa la kompyuta. Na sufuri za kweli zikifutwa, ndege wanaopungua wataonekana kuwa wengi hadi wakati wa kuwaokoa upite.

Mambo ya kuzingatia

Mkazi, mwalimu au kikundi kinachoshiriki katika hesabu ya wanyamapori kinashauriwa:

• Kuandika tarehe, mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, hata kama hakuna kilichoonekana.
• Kuandika 0 pale tu mnyama alipotafutwa na kukosekana.
• Kuandika "haikufanyika" na sababu yake, badala ya kuacha nafasi wazi.
• Kueleza kama orodha ni kamili au ni ya aina chache tu.
• Kuhifadhi daftari baada ya data kuingizwa, ili idadi ya ziara ilinganishwe na iliyo kwenye kompyuta.

Anayesoma ripoti ya mradi naye ana haki ya kuuliza maswali mawili: ziara zilikuwa ngapi, na ngapi kati ya hizo hazikuona kitu? Ripoti isiyoweza kujibu maswali hayo haiwezi kuthibitisha kwamba mnyama hayupo.