Kikapu cha Kuivishia Maharage

Kila ninapopita jikoni na kuona maharage yakitokota saa ya tatu mfululizo, nauonea uchungu ule mkaa. Maji yakishachemka hufika nyuzi joto 100, na hata ukichochea namna gani hayapandi zaidi. Moto unaofuata hufidia tu joto linalotoroka ubavuni mwa sufuria. Lizuie hilo joto, na maharage yatajiivia yenyewe.

Hatua ya 1. Tafuta tenga au kapu pana. Sufuria ikikaa ndani, ibaki nafasi ya sentimita 10 hivi chini na kila upande. Mfuniko wa sufuria uwe unaobana.

Hatua ya 2. Jaza nafasi hiyo. Sufi ndiyo ninayoipenda: ni nyepesi, na hewa iliyotulia kati ya nyuzi zake ndiyo inayozuia joto. Ukikosa, tumia blanketi kuukuu, vipande vya nguo kutoka kwa fundi cherehani, au majani makavu ya migomba. Yawe makavu kabisa, maana unyevu hupitisha joto. Mifuko ya plastiki usiweke, itayeyuka.

Hatua ya 3. Shona mto mnene wa kufunikia juu, hata kwa khanga iliyochakaa. Usiufanyie ubahili, kwani mvuke hukimbilia juu.

Hatua ya 4. Loweka maharage usiku kucha, kisha mwaga maji yale. Weka maji mapya, machache kuliko ulivyozoea, kwa kuwa hayatakauka. Sufuria ijae walau theluthi mbili. Chakula kidogo hupoa upesi. Sasa chemsha kwa nguvu dakika 20. Hapa usikate kona: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo kikapu peke yake hakiwezi kuiondoa. Ni mchemko wa kweli unaoiharibu, usiopungua dakika 10.

Hatua ya 5. Bila kufunua, hamishia sufuria kapuni, ifunike kwa mto, uiache saa tatu au nne. Usichungulie. Kila ukifunua, joto linaondoka.

Hatua ya 6. Rudisha motoni yachemke tena, ndipo utie chumvi, kitunguu na tui. Ukiyakuta ni vuguvugu tu, yachemshe papo hapo. Wala usiyalaze kapuni hadi asubuhi, yatachacha.

Na ule mkaa uliobaki baada ya zile dakika 20? Uzime mchangani ukingali mzima. Utachemshia chai ya kesho.